Kiitaliano Changu cha Makindu

Nyinyi vijana mnaochukua kwaya sasa mmeniuliza mara nyingi nilijifunza wapi Kiitaliano. Nilijifunza Makindu, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja mfuga nyuki, nikiwa nimekalia debe la mafuta lililopinduliwa. Shule niliachia darasa la tano, na hilo la tano lenyewe sikulimaliza vizuri. Lakini nimefundisha kwaya miaka thelathini na moja, za kanisa na za shule, kuanzia Tulia mpaka mji wa Wote, na huko juu Tseikuru ambako mbuzi ni wengi kuliko watu. Hakuna mwalimu wa digrii aliyewahi kunionyesha alama kwenye karatasi ya muziki nikashindwa kumwambia ni ya nini. Hapo najisifu na sitaomba msamaha. Mjukuu wangu Mwende, yule anayecheza kinanda kanisani kwa vidole vyote kumi na bado anageuka kucheka na watu, ndiye ananiandikia haya kwa kompyuta. Nimemwambia asinipunguzie majivuno hata neno moja.

Kwanza niwatoe woga. Mtu akiona allegro juu ya wimbo anadhani ni jambo la chuo kikuu. Huyo ni Mwitaliano fulani alikuwa anawaambia watu wake wachangamke. Mimi pia nawaambia mchangamke kila Jumamosi. Tofauti yetu ni kwamba yeye alikuwa na kalamu mkononi.

Mimi maneno yale niliyaweka kwa njia yangu, na kwaya zangu zote zimeyajua hivyo. Largo ni punda anayepanda kutoka mtoni na mitungi minne ya maji mgongoni, usimpige, hataongeza. Andante ni wanawake wanaoenda soko la Tulia na mizigo kichwani, wanatembea, wanaongea, hakuna anayekimbia na hakuna anayesimama. Allegro ni wanawake hao hao jioni wakirudi, wamemaliza kuuza. Presto ni wewe umeanika ndengu uani halafu unaona wingu. Hapo hakuna mtu wa Ukambani anahitaji kuelezwa mara mbili.

Na zile herufi za sauti. Ukiona p moja, imba kama mtoto ndiyo mmemlaza sasa hivi. Ukiona mbili, pp, ni vile unamsengenya mama mkwe na yeye yuko chumba cha pili. Herufi f ni kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Zikiwa mbili, ff, nyani wameingia kwenye mahindi. Ile m ya mbele ni mezzo, maana yake kiasi. Mf ni kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto, lakini mto wenyewe ni mdogo.

Haya mnayacheka, na ni sawa mcheke. Mimi nilipoyahitaji hakukuwa na kicheko.

Kwaya ya kanisa letu niliianzisha na wanawake sita, kanisa lenyewe likiwa kuta nne bila paa. Tulikuwa tunaimba kwa solfa, do re mi, kama kila mtu zama zile. Miaka ilipopita tukafika watu thelathini, tukaingia mashindano ya makwaya kule Kitui. Wenye mashindano walichagua wimbo mmoja ambao kila kwaya lazima iuimbe. Wakatuma karatasi moja. Moja, watu thelathini. Juu kulikuwa na ile mistari mitano na vichwa vyeusi vya noti, chini yake solfa, chini ya solfa maneno.

Nikafanya kama tulivyofanya siku zote. Nilichukua mifuko ya simiti iliyobaki kwa ujenzi, nikaikung'uta, nikaipasua, nikaandika solfa kwa makaa, herufi kubwa kama kiganja. Mfuko wa soprano, mfuko wa alto, wa teno, wa besi. Tukaitundika ukutani. Kazi safi kabisa. Lakini kwenye ile karatasi kulikuwa na vitu vingine: herufi ndogo zilizolala, mistari miwili iliyofunguka kama mdomo wa kunguru, vijinukta, maneno ambayo si Kiingereza. Hivyo sikuvinakili hata kimoja. Nilijiambia ni maagizo ya mpiga kinanda, na sisi kinanda hatukuwa nacho. Nikaona nitachosha mkono bure.

Wimbo ulikuwa wa mama. Mwanzo anavuna mtama akishangilia, katikati anarudi nyumbani kumbembeleza mtoto, mwisho anarudi shambani. Sisi tuliuimba wote kwa sauti moja, ile ya kusikika kilima cha pili. Nilikuwa nimewafundisha hivyo, kwamba kuimba kwa nguvu ndiyo heshima kwa Mungu na kwa chakula mlichokula asubuhi. Tulipomaliza niliona vumbi likishuka kutoka kwa mabati. Nilirudi kiti changu nimenyoosha shingo.

Tulikuwa wa mwisho. Mwamuzi alikuwa mama mmoja mfupi, wa miwani, na kwenye karatasi ya alama alituandikia mstari mmoja tu: "Mtoto wa wimbo huu hakulala."

Watu walicheka ukumbi mzima. Mimi nilitafuta mahali pa kuingia nikakosa.

Jumapili iliyofuata wazee wa kanisa waliniita. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Mutua, mtu mrefu, mnyamavu, ambaye akikohoa mkutano unanyamaza. Alisema kuna kijana Kitui mjini ana cheti cha muziki na yuko tayari kuchukua kwaya. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema ng'ombe amezeeka. Pasta ndiye aliniokoa, na hata yeye aliniokoa nusu. Aliniambia, "Mama Ndinda, tunakupa mpaka mashindano ya mwaka ujao. Mwamuzi akiandika kwamba alama zote zilifuatwa, kwaya ni yako. Akiandika tena kama ilivyo hii, tutamwita yule kijana, na wewe utaimba alto chini yake."

Niende alto chini ya kijana ambaye kwaya yangu ilianza akiwa bado ananyonya. Nilienda nyumbani nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Dada yangu Kalunde ameolewa Makindu. Nilipomsimulia, alisema jirani yake, Mzee Nzioka, alikuwa kwenye bendi ya askari miaka mingi, akipuliza ile tarumbeta kubwa inayomzunguka mtu kama chatu, na sasa amestaafu anafuga nyuki. Kwa hivyo kila mwisho wa mwezi nilikuwa naenda kumtembelea dada yangu, na asubuhi yake naenda kwa mzee na kilo mbili za ndengu za kwetu, kwa sababu alisema ndengu za Makindu hazina ladha. Hazina tofauti yoyote. Alikuwa anataka tu niende na kitu mkononi.

Siku ya kwanza aliniangalia akaniuliza kama najua kusoma. Nikamjibu kwamba nasoma Biblia.

"Hiyo ni ngumu kuliko hii," akasema. "Keti."

Alianza na ile mistari mitano. Hakunichorea kitu. Alinisimamisha pale uani akaelekeza kidole kwenye kilima kilichochimbwa matuta, kama vilima vyote vya Makueni vilivyo. Akaniuliza naona nini. Nikasema naona matuta. Akasema hesabu matano, halafu uweke mbuzi. Mbuzi mwingine amesimama juu ya tuta, mwingine yuko kwenye shamba lililo katikati ya tuta na tuta. Mbuzi wa juu analia kwa sauti nyembamba, wa chini kwa sauti nzito. Basi. Mimi niliogopa mistari mitano miaka yote hiyo na kumbe nimeilima tangu nizaliwe. Ile alama iliyojipinda mwanzoni ni ya kukuambia uko kilima gani, cha wanawake ama cha wanaume.

Mambo ya sauti kukua na kupungua alinifundishia kwenye mizinga. Ile alama niliyoiita mdomo wa kunguru, inayoanza nyembamba halafu inafunguka, ni crescendo. Mimi nilidhani maana yake ni "sasa pigeni kelele." Mzee alinishika mkono tukatembea kutoka mlangoni kwake kuelekea mzinga, hatua moja moja. Kutoka mbali husikii kitu. Hatua kumi, kama mtu anawaza. Hatua tano zaidi, kama mtu anaguna. Karibu kabisa, kifua chako chote kinatetemeka. Akaniuliza ni wapi sauti iliruka. Nikasema haikuruka popote. Akasema kwaya yako inaruka. Tukarudi nyuma, hatua moja moja, hiyo ikawa diminuendo. Tulienda na kurudi mara sita asubuhi hiyo. Wapitaji walidhani tunapima shamba.

Mara ya saba nyuki akaniuma shingoni. Nilipiga yowe moja, fupi, kali, halafu nikanyamaza nikauma kanga. Mzee hakunisaidia. Alikaa juu ya jiwe akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akachukua kijiti akaandika kwenye vumbi: sf. "Hiyo uliyofanya ni sforzando," akasema. "Sauti moja ipigwe ghafla, halafu irudi ilikotoka. Sitakufundisha tena, umeshaijua." Na kweli. Mpaka leo nikiona sf kwenye karatasi shingo yangu inajishika yenyewe.

Kosa lingine aliloniondoa ni hili, na nyinyi wote mnalo, kwa hivyo sikizeni. Mkiambiwa mpunguze sauti, mnapunguza na mwendo. Mkiambiwa muongeze sauti, mnakimbia. Sauti ina alama zake na mwendo una alama zake. Mtu anaweza kunong'ona haraka, muulize anayepeleka umbea. Na mtu anaweza kupaza sauti taratibu, muulize chifu. Mzee Nzioka alikuwa ananifanya nitembee uani kwa mwendo mmoja huku nikiimba sauti ndogo, kisha kubwa, kisha ndogo, na miguu isibadilike. Nimefanyia kwaya zangu zote hivyo. Kama hamjatembea na wimbo hamuujui.

Hebu niruke kidogo niwaambie ya Tseikuru, isije ikapotea. Hii ni miaka mingi baadaye, shule moja ya wasichana iliniita niwatayarishe. Wimbo wao ulikuwa na D.C. al Fine mwishoni, maana yake rudi mwanzo, uimbe mpaka utakapoona neno Fine, hapo utoke. Niliwaeleza kurudi mwanzo vizuri sana. Kutoka sikuwaeleza, niliitwa na mwalimu mkuu kwa chai. Tukanywa chai, tukaongea, chai ya pili. Kila mara nasikia wimbo unaendelea nikajisifia bidii yao. Niliporudi darasani walikuwa wameuimba mara nne. Wanafika mwisho, wanaona D.C., wanarudi. Kiranja alikuwa na jasho usoni. Aliniambia, "Mwalimu, mlango uko wapi?" Tangu siku hiyo mimi hufundisha Fine kabla ya kitu kingine chochote. Usiingize mbuzi kwenye boma ambalo hujaona lango.

Na nyinyi wa sasa mnaniambia Susu, yaani bibi, mambo ya makaratasi yameisha, kila sauti tunarekodi tunatuma kwenye kundi la simu, mtu anajifunzia nyumbani akiosha vyombo. Sikatai. Simu imewafikisha mbali kwa haraka. Lakini mwaka jana niliwatembelea nikasikia alto wote, wasichana kumi na mmoja, wakikata neno moja katikati, mahali pasipo pumziko lolote. Niliuliza. Hawakujua. Mwende akatafuta ile rekodi, kumbe aliyeirekodi alimeza mate hapo. Wote kumi na mmoja wamemeza mate yake. Karatasi haimezi mate. Jifunzeni kwa simu, halafu mfungue karatasi mwone aliyeandika alitaka nini.

Sasa turudi kwenye mwaka wangu ule.

Kila nilipotoka Makindu na jambo, nililipeleka Tulia Jumamosi inayofuata. Wimbo wa lazima wa mwaka ule ulikuwa wa maombi, na ulikuwa umejaa alama kama mbwa mwenye kupe. Safari hii nilinakili kila kitu kwenye mifuko ya simiti, mpaka vijinukta. Solfa kwa makaa, alama kwa kalamu nyekundu. Mama Kavata wa alto alilalamika kwamba mfuko wake umekuwa kama nguo ya mganga. Wanaume walisumbua zaidi. Musyoka, besi wangu mkubwa, mchimba kokoto, aliona pp ni kumdharau mwanamume. Nilimsimamisha mlangoni pa nyumba yake, mkewe akiwa ndiyo amejifungua, nikamwambia aimbe. Aliimba pp nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia.

Jumamosi zilienda hivyo mwaka mzima. Watu walichoka, wawili waliondoka, mmoja akarudi, wa pili nikampatia mbadala. Nilikuwa nimewaambia wazi: mwamuzi akituandikia vibaya mimi si kiongozi wenu tena. Sikutaka waje kulijua siku hiyo hiyo ya matokeo.

Mashindano yalikuwa mwisho wa Oktoba. Mnajua mwisho wa Oktoba kwetu. Mvua ya mwaka uliotangulia ilikuwa imetuhadaa, mito ilikuwa mchanga mtupu, na kila mtu ukumbini alikuwa ameacha nyumbani shamba lililolimwa likingoja. Watu wanasikiliza nyimbo na jicho moja liko dirishani. Tuliitwa wa saba. Nilipopanda niliona Pasta na Mzee Mutua safu ya pili, na mwamuzi alikuwa yule yule mama wa miwani.

Tulianza vizuri. Mf yetu ilikuwa ya mto mdogo. Crescendo ilipanda kama mzinga, hakuna aliyeruka. Tukafika kwa sehemu niliyokuwa naiogopa kuliko zote. Sauti zinashuka, zinashuka, mpaka pp, zinakaa kwenye neno moja, "baki", na juu ya neno hilo kuna fermata.

Fermata ni nusu duara na nukta ndani, kama jicho la ng'ombe anayesinzia. Mzee Nzioka aliponichorea nilimuuliza inashikwa mapigo mangapi, kwa sababu kila kitu kingine alinipa hesabu yake. Akasema hii haina. "Aliyeandika wimbo hakujua siku mtakayouimba," akasema. "Wewe utakuwepo. Kwa hivyo amekuachia." Kwaya yangu niliwafundisha kwa kisima cha mtoni. Ukichimba mchanga ukachota, shimo linakauka, lazima ukae ungoje maji yajae tena. Huangalii saa. Unaangalia maji. Ukichota mapema unapata matope. Mazoezini tulikuwa tunaishika mapigo matano, sita, halafu tunaingia sehemu ya mwisho, ambayo ni ya kunong'ona tangu mwanzo hadi mwisho wake.

Basi tuko kwenye "baki", mkono wangu uko juu, na mvua ikaanguka.

Haikuanza na matone. Ilimwagika juu ya mabati kama lori la kokoto. Ukumbi wote uliinua uso. Wanawake wakapiga vigelegele, na safu nzima ya nyuma ikasimama ikatoka mbio kutafuta ndoo za kuweka chini ya michirizi. Sikulaumu mtu, hata mguu wangu mmoja ulitaka kwenda.

Niliwaangalia watu wangu. Midomo iko wazi, wanaimba, na sisikii hata sauti moja. Macho ya Musyoka yalikuwa yananiomba. Nilimsoma kabisa: Mama, tuachilie, sisi tunaweza kuishinda hii mvua. Na tungeishinda, hiyo ndiyo kazi tuliyoijua tangu zamani. Lakini mbele yetu kulikuwa na kunong'ona kurasa mbili. Tukiimba kwa nguvu, mwamuzi ataandika yale yale. Tukinong'ona chini ya mabati yale, ataandika hakusikia kitu. Na tukinyamaza tungoje, tumekata wimbo.

Nikaangalia lile jicho la ng'ombe. Nikaacha mkono wangu pale pale ulipokuwa.

Kwa mkono wa kushoto niliwaonyesha alama yetu ya kupokezana pumzi, kwamba jirani yako akivuta hewa wewe unashika, akirudi wewe unavuta, na wasikilizaji wasijue. Nikageuza kiganja kikaangalia chini: msiongeze. Wakashika. Mvua inapiga, wao wanashika. Mama Kavata aliwafunga macho alto wote kwa kufunga yake kwanza. Mkono wangu ulianza kufa ganzi begani. Nafikiri ungesali Baba Yetu mara tatu bila haraka. Nyuma yangu nilijua Mzee Mutua anaangalia mwanamke aliyeinua mkono mbele ya watu thelathini wenye midomo wazi, bila sauti, na sikujua anafikiri nini.

Halafu wingu likapita. Mvua ya kwanza ya Oktoba ina hiyo tabia. Mabati yakaanza kupunguza, yakapunguza, diminuendo ambayo hakuna mwalimu angeifundisha vizuri zaidi, na kutoka chini ya mvua ile kidogo kidogo ikaanza kusikika "baki." Ilikuwa pale pale tulipoiacha. Haikuwa imeshuka, haikuwa imepanda. Watu waliokuwa wanarudi na ndoo tupu walisimama mlangoni. Nilingoja mpaka tone la mwisho lililotaka kuanguka liangukie nje, ndiyo nikaushusha mkono, na tukanong'ona kurasa mbili katika ukumbi ambao ungesikia kuku akitembea.

Sasa msidhani tulishinda. Tulikuwa wa nne kati ya kwaya tisa. Kila kwaya ilikuwa na dakika zake, na sisi tulizipita kwa ajili ya mvua, tukakatwa alama. Musyoka alitaka kwenda kugombana na meza ya mwamuzi, nikamshika shati.

Siku ya mkutano wa wazee niliingia nimevaa nguo ya Krismasi. Niliona kama ni kuondolewa, niondolewe nikiwa nadhifu. Pasta alisoma karatasi ya mwamuzi kwa sauti. Alikuwa ameandika kwamba alama zote za mwendo na za sauti zilifuatwa, kwamba tulikatwa kwa muda peke yake, na kwamba kiongozi aelewe kanuni ni kanuni. Pasta akatabasamu. Mzee Mutua hakutabasamu. Alikohoa, na chumba kikanyamaza.

"Mama Ndinda," akasema, "kile kitu mlifanya mvua ikinyesha. Kiliandikwa, ama ulijitungia?"

Niliinuka nikaenda na karatasi yangu mpaka pale alipoketi. Nikaweka kidole chini ya fermata. Nikamwambia, "Kiliandikwa, mzee. Kiko hapa. Urefu tu ndio tuliachiwa."

Aliisogeza karatasi dirishani. Akaiangalia kwa muda, ameikunjia uso. "Hiki kidude?"

"Hicho."

Akaniuliza kama viko vingine ambavyo hajaviona. Nikasema viko vingi, na kila kimoja kina kazi yake, na Jumamosi mlango wa mazoezi huwa wazi. Akanirudishia karatasi kwa mikono miwili, akamgeukia Pasta.

"Yule kijana wa mjini," akasema, "mwambieni asije."

Pasta alifunga kwa maombi. Mimi sikungoja chai. Nilitoka nikawakuta waimbaji wamejipanga kando ya ukuta wote thelathini, nikawaambia mazoezi ni Jumamosi saa nane, na atakayechelewa ataimba peke yake.